Kinanda cha biti kwa kwaya na harusi: ninunue au niache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Nachingwea, napiga kinanda kwenye kwaya ya parokia yetu, na siku hizi naitwa pia kwenye harusi. Ninacho kinanda kidogo cha kujifunzia ambacho nimekitumia miaka minne. Msimu huu korosho zimenilipa, nimetenga fedha za kununua kinanda cha maana chenye biti ndani. Mwalimu wangu wa kwaya hataki hata kusikia. Anasema vinanda hivyo vinalemaza mkono wa kushoto na vinaifanya kwaya iimbe kama roboti. Rafiki yangu anayepiga harusini Lindi mjini anasema bila biti hakuna atakayeniita. Nimsikilize nani? Na kama ni kununua, niangalie nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mavuno.

Nimepiga vinanda hivi hapa Mtwara kwa zaidi ya miaka 20, kanisani na harusini, na kwa muda mrefu sasa ninavitengeneza pia vinapoharibika. Kwa hiyo nimeviona kwa juu na nimeviona kwa ndani. Jibu langu ni kwamba ununue, ila ununue kile kitakachokuruhusu kuzima biti au sehemu zake. Hapo ndipo mwalimu wako na rafiki yako wanapokutana, na ndiyo maana nitakaa sana kwenye jambo hilo kabla ya kufika dukani.

Kwanza tuelewane kinanda hiki kinafanya nini. Wauzaji wengine hukiita arenja. Ndani yake kuna midundo iliyorekodiwa tayari, na kila chombo kimewekwa kwenye njia yake. Kwenye Yamaha njia hizo ni 8: mbili za ngoma, moja ya besi, mbili za kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja), moja ya sauti ndefu za kujaza, na mbili za vipande vya mapambo. Kinanda hugawanywa sehemu mbili. Kushoto unabonyeza kordi na mashine inaisoma, kulia unapiga wimbo. Ukihama kutoka C kwenda F, besi, gita na vingine vyote vinahama nawe. Vitufe vya juu vinakupa utangulizi, mdundo wenyewe katika hatua nne kutoka mwepesi hadi uliojaa, mapigo ya kuvukia kutoka beti hadi kiitikio, na mwisho.

Sasa, mtengenezaji harekodi kila mdundo kwa kila kordi. Kwa kawaida Yamaha hurekodi kipande mara moja tu, kwenye kordi ya C yenye saba kubwa, yaani C, E, G na B, kisha mashine huzihamisha noti zake kwa kanuni kila unapobonyeza kordi nyingine. Kwa kordi za kawaida kanuni hizo zinafanya kazi vizuri sana. Ukiingia kwenye zile kordi za kupita, yaani za mpito kati ya kordi kuu mbili, ambazo watunzi wetu wa kwaya wanazipenda kabla ya kufunga mstari, mashine huanza kubabaika. Mara inabaki kwenye kordi iliyopita, mara inachagua inayofanana nayo, na besi inakwenda pasipotakiwa. Weka hilo akilini, kwa sababu malalamiko mengi ya mwalimu wako yanaanzia hapo hata kama hakuyataja kwa maneno haya.

Nianze naye, maana anachokisema nimekiona kwa macho yangu. Kijana anabonyeza kidole kimoja upande wa kushoto, mashine inampa kordi nzima pamoja na besi na dramu. Ni tamu kweli. Baada ya mwaka mmoja mkono wa kulia unakimbia, ule wa kushoto bado unajua kidole kimoja. Siku akikaribishwa parokia yenye harmoniamu ya kukanyaga, hawezi kumaliza hata wimbo wa mwanzo.

Jambo la pili ni zito zaidi na watu wachache hulitaja. Kwaya zetu zinaimba sauti nne. Mtunzi anaweza kuweka kordi ya C huku sauti ya besi ikiimba E, yaani mi, kwa sababu anataka besi ipande do, re, mi, fa hadi ifike kwenye kordi ya F. Ngazi hiyo ndiyo inayoubeba wimbo. Wewe ukiwasha mdundo, besi ya mashine inaisoma kordi ya C na kung'ang'ania do. Waimba besi wako sita wako kwenye mi, spika iko kwenye do. Hakuna aliyekosea, lakini ule mwendo aliouandika mtunzi umepotea, na baada ya wiki chache utawasikia waimba besi wameanza kuifuata spika. Nimeshuhudia kwaya nzuri ikipoteza besi yake hivyo, na kuirudisha kulichukua muda mrefu kuliko kuipoteza.

Kisha kuna pumzi. Mwisho wa beti mwongozaji hufungua mikono, sauti zinashikiliwa, ndipo anazishusha. Mashine haioni mikono yake. Inaendelea kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, na kwaya inalazimika kukata noti kabla ya wakati ili isiachwe nyuma. Mwalimu wako anaposema kwaya inaimba kama roboti, nadhani anamaanisha hili.

Na kwa kuwa unapiga katika kanisa Katoliki, kuna upande wa liturujia pia. Maelekezo ya Roma kuhusu muziki mtakatifu ya mwaka 1958 yalikataza kabisa katika ibada vyombo vinavyojipiga vyenyewe, kama ogani ya kujiendesha, gramafoni na redio. Vinanda vya biti vya namna hii havikuwepo wakati huo, na katika kinanda chako kordi inatoka mkononi mwako, kwa hiyo sisemi kwamba maneno yale yanakihukumu moja kwa moja. Lakini wasiwasi ni ule ule: sala inayoimbwa itoke kwa mtu aliye hai. Aidha, Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 313, yanataka wakati wa Kwaresima vyombo visaidie uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Nao wimbo wa katikati ni zaburi, unafuata maneno. Hapo usiwashe kitu chochote, mwaka mzima.

Dawa ya haya yote iko ndani ya kinanda chenyewe, na wapigaji wengi hawaifikii kwa sababu siku ya kwanza walikuta kila kitu kimewashwa wakadhani ndivyo kinavyopaswa kuwa. Kwenye Yamaha kuna kitufe kilichoandikwa ACMP. Kikizimwa, besi na kordi za mashine zinanyamaza, dramu peke yake inaendelea, na kinanda kizima kinarudi mikononi mwako kutoka mwanzo hadi mwisho. Unapiga sauti nne za mtunzi kama zilivyoandikwa, mkono wa kushoto unafanya kazi yake halali, na mdundo unabaki kuwa mpiga ngoma aliyekaa nyuma yako. Kwa kwaya, asilimia kubwa ya nyimbo za shangwe nazipiga hivyo.

Ukihitaji besi ya mashine, ingia kwenye orodha ya namna za kusoma kordi na uchague ile inayochukua noti yako ya chini kabisa kuwa besi. Ukibonyeza E, G, C, mashine inaelewa kordi ni C lakini besi inapiga E. Waimba besi wako wanapata rafiki badala ya mpinzani. Kuhusu pumzi, kuna kitufe kinachofanya mdundo usimame kila unapouinua mkono wa kushoto na kuanza tena unapoushusha. Kinahitaji mazoezi ya wiki mbili tatu. Ukikizoea unaweza kumfuata mwongozaji hadi kwenye noti ya kushikilia bila yeye kukugeukia.

Sasa rafiki yako. Naye hakudanganyi. Harusi nyingi za huku haziwezi kulipa watu saba wa bendi, usafiri wao na chakula chao. Mtu mmoja mwenye kinanda cha kilo 8, miksa ndogo na spika mbili anafika kwa bajaji na kufanya sherehe nzima. Mwimbaji akisema leo koo limekauka, unashusha ufunguo kwa kitufe na vidole vyako havihangaiki. (Ukimaliza rudisha sifuri. Kinanda kilichosahauliwa kikiwa kimepandishwa kwa noti mbili kimewaharibia watu misa ya asubuhi iliyofuata.) Unaweza pia kuhifadhi kila wimbo na mdundo wake, kasi yake, sauti yako ya kulia na kiasi cha mwangwi, ukauita wote kwa kitufe kimoja. Mshereheshaji anapobadilisha ratiba ghafla, na huwa anabadilisha, wewe uko tayari baada ya sekunde moja. Hilo peke yake linatosha kukufanya uitwe tena.

Lakini hata harusini, kinachokupa kazi si kuwasha kila kitu. Nikusimulie kilichonifundisha.

Miaka kadhaa iliyopita nilipigia harusi Mikindani, uwanjani, chini ya turubai. Nilikuwa nimechagua mdundo wa 6/8 uliotengenezwa vizuri sana kiwandani: gita la nyuzi za chuma, piano, vinanda vya nyuzi kama fidla, dramu zenye mwangwi mpana. Nyumbani ulinipendeza mno. Akina mama walipoingia wakimleta bibi harusi walicheza hatua tatu nne, kisha wakapoa, wakawa wanatembea tu. Mama mmoja mtu mzima, shangazi wa bwana harusi, akaja hadi nilipokaa. Hakusema neno. Akainama na kuanza kupiga makofi karibu na sikio langu.

Nikasikiliza. Mdundo wangu ulikuwa na mapigo madogo sita, na mashine ilikuwa inayagawa tatu, tatu. Yeye alikuwa anayagawa mbili, mbili, mbili. Katika ngoma nyingi za huku kwetu hesabu hizo mbili huishi pamoja: mkono mmoja unakwenda kwa tatu, mwingine kwa mbili, na mchezaji anachagua kiuno kifuate upi na mguu ufuate upi. Piano na gita vya kiwandani vilikuwa vimeziba nafasi yote na kuacha hesabu moja tu. Nikazima piano. Nikazima gita, nikazima vinanda vya nyuzi. Zilibaki ngoma na besi, na besi ilikuwa bado inang'ang'ania tatu, nikaizima nayo. Nikaweka sauti ya besi kwenye mkono wangu wa kushoto na kuipiga juu ya makofi ya yule mama, noti mbili tu, moja nzito na moja nyepesi. Vigelegele vilianzia nyuma, upande wa jikoni, na uwanja ukajaa. Tulikaa kwenye mdundo huo karibu nusu saa.

Wiki iliyofuata niliketi na kuutengeneza uwe wa kwangu. Nilichukua ule ule wa 6/8, nikafuta njia zote isipokuwa ya ngoma, kisha nikaondoa matoazi na dramu kali ndani yake. Nikarekodi konga nzito kwa mbili mbili, konga nyembamba kwa tatu tatu, na kayamba juu ya mapigo yote sita, la kwanza likiwa na nguvu kidogo kuliko mengine. Mashine ina uwezo wa kuyanyoosha mapigo yote yakae sawasawa kwenye mstari. Sikuyanyoosha. Kayamba langu huchelewa kidogo sana kwenye pigo la tano, na ukiliweka sawa mchezo mzima unakauka. Nikaongeza urefu kutoka vipimo viwili hadi vinne ili sikio lisichoke mapema. Hatua ya kwanza nikaiacha na ngoma peke yake, ya pili nikaongeza besi, ya tatu gita moja, ya nne ndiyo kila kitu. Ilinichukua jioni tatu, na mdundo huo umenilipa kuliko mingine yote iliyokuja na kinanda.

Nakueleza haya kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa vinanda hivi kwetu sisi. Midundo yake imetengenezwa kwa masoko mengine. Utakuta polka, valsi, roki za miaka ya sitini na dansi za kumbi za Ujerumani na Italia, ambako mpigaji wa peke yake ni biashara ya miaka mingi. Yamaha ina kinanda kilichoandaliwa kwa ajili ya India, PSR-I500, na kingine kwa ajili ya nchi za Kiarabu, PSR-A5000 cha mwaka 2021. Ngoma ya sindimba sijawahi kuikuta kwenye kinanda chochote kikitoka kwenye boksi. Ukinunua kinanda kisichokuruhusu kutengeneza mdundo wako, utakuwa unapiga sherehe za Wamakonde na Wamwera kwa hesabu za watu wasiowajua.

Na hili la kuigeuza mashine ifanye ya kwako si jipya nchini. Vijana wa mchiriku kule Dar es Salaam, wakiwemo Jagwa Music, walichukua kinanda kidogo cha Casio, cha aina ambayo wengine huwanunulia watoto, wakakipigisha pamoja na ngoma kwa kasi na ukali ambao kiwanda hakikuufikiria. Hakuna anayesikiliza mchiriku akasema ule ni muziki wa Casio.

Kuhusu taarabu nitasema kidogo tu, maana hukuuliza, ingawa ukianza kuitwa Lindi mjini na Kilwa utaombwa. Nyimbo za asili za Unguja zina noti zinazokaa katikati ya vibonyezo viwili. Vinanda vingi vya daraja la kati vina sehemu ya kupanga upya sauti ya kila noti. Shusha E na B kwa senti 50, yaani nusu ya nusu-toni, na utapata ngazi ya noti iitwayo rasti kuanzia C. Fanya hivyo kwenye sauti ya kulia tu na uzime njia za kordi, kwa sababu piano ya mashine yenye E ya kawaida itagongana na E yako iliyoshushwa.

Tuje kwenye sauti na mwili wa kinanda. Noti ambazo kinanda kinaweza kutoa kwa wakati mmoja zina kikomo. PSR-E373 kina noti 48, PSR-E473 kina 64, PSR-SX600 kina 128. Noti 48 zinaonekana nyingi hadi ukumbuke kwamba ngoma, besi, gita na vinanda vya nyuzi vyote vinachota kwenye chungu kimoja na wewe. Ukikanyaga pedali na kushikilia kordi ndefu, noti zako za mwanzo zinakatwa kimyakimya. Kwenye wimbo wa taratibu kanisani utasikia kama mtu anameza maneno.

Vibonyezo vyenyewe ni vyepesi, vya springi. Kwa harusi vinafaa, vidole havichoki. Kwa mtu anayetaka kujifunza piano hasa, ni udhaifu wa kweli, na hauna dawa ya kitufe. Ungekuwa unapiga kanisani tu ningekuambia uachane na biti, uchukue piano ya umeme kama Yamaha P-45 yenye vibonyezo 88 vizito, na mwalimu wako angefurahi. Lakini una kazi mbili.

Angalia sana matundu ya nyuma. Kinanda cha kupigia hadharani kiwe na matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia, mbali na la spika za masikioni. PSR-E473 na Casio CT-X5000 vinayo. PSR-E373 hakina, kina la masikioni tu. Kuna kosa linalofanyika karibu kila wiki: mtu anachukua waya wa stereo kutoka tundu la masikioni na kuuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la miksa. Tundu hilo la miksa linafanya hesabu ya kutoa, upande mmoja kutoka kwa mwingine, kwa hiyo kila kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta. Na vinavyowekwa katikati ni vipi? Besi na ngoma nzito. Utaletewa lawama kwamba kinanda hakina nguvu, kumbe waya umekula nusu ya muziki. Kama unalazimika kutumia tundu la masikioni, tumia waya unaogawanyika mara mbili, kila upande uingie kwenye njia yake ya miksa.

Adapta imeniletea mezani vinanda vingi kuliko kitu kingine. Yamaha za volti 12 zina chanya katikati ya pini. Casio nyingi za zamani za volti 9 zina hasi katikati. Pini zinaweza kuingia vizuri, na ndiyo hatari yenyewe. Soma mchoro mdogo ulio karibu na tundu la umeme na uulinganishe na ule ulio kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Mtumba wa Japani mara nyingi huja na adapta ya volti 100, kwa sababu ndio umeme wa nyumba zao. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa volti 230 unasikia mlio mmoja mdogo, kisha harufu. Na kwenye jenereta la harusi weka kilinda umeme kati yake na kinanda, kila mara.

Wewe uko Nachingwea, mbali na bahari, lakini ukianza kupiga Mtwara na Lindi chumvi itakufuata. Chini ya kila kibonyezo kuna mpira mdogo wenye vidoti viwili vya kaboni. Kinanda kinajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani kwa kupima muda kati ya kidoti cha kwanza kugusa na cha pili. Unyevu na vumbi vikiingia, muda huo unasomwa vibaya, na kibonyezo kimoja kinaanza kulia kwa sauti ya juu hata ukikigusa taratibu, au hakilii kabisa. Wengi hudhani kinanda kimekufa. Mara nyingi kinahitaji kufunguliwa na kupanguswa kwa spiriti safi, kazi ya saa mbili. Kifunike kwa kitambaa cha pamba, na usikifunge kwenye nailoni kikiwa bado na joto la sherehe.

Basi ununue kipi? Kwa fedha zile zile, mimi ningechukua kilichotumika cha daraja la kati badala ya kipya cha daraja la chini. Vingi vya chini havikuruhusu kuzima njia moja moja wala kutengeneza mdundo kuanzia mwanzo. Yamaha PSR-S670 cha mwaka 2015, PSR-SX600 cha mwaka 2020 na Korg Pa600 cha mwaka 2012 vyote vinakuruhusu kujenga mdundo wako. Ukitaka kipya na fedha zina kikomo, Casio CT-X5000 kina sehemu ya kuhariri midundo na spika zenye nguvu, ingawa menyu zake zinahitaji uvumilivu. Usipumbazwe na idadi ya sauti iliyoandikwa kwenye boksi. Sauti 800 ni nyingi kwa kuzisoma, lakini jioni moja hutumii hata 20.

Ukiwa mbele ya kinanda kilichotumika, piga kila kibonyezo mara mbili, taratibu na kwa nguvu, chote, bila kuona haya kwa muuzaji. Geuza gurudumu la kupinda sauti na uliachie, uone kama noti inarudi mahali pake. Chomeka pedali. Chomeka flashi na uhifadhi kitu, zima kinanda, washa, kisome tena. Washa mdundo na uzime njia moja moja hadi ibaki ngoma peke yake; usipoelewa pa kuzima, muombe muuzaji akuoneshe, na naye asipojua usilipe siku hiyo. Mwisho kiache kiwake nusu saa ukinywa chai, kwa sababu vingine huanza kuzima vikishapata joto.

Mwalimu wako mwendee kabla hujasafiri. Mweleze kwamba mazoezini utajifunza kila wimbo bila biti kwanza, kwa sauti nne, na kwamba ngoma haitaingia hadi yeye aseme iingie. Uitimize ahadi hiyo. Anayo sababu ya kuogopa, na ni mtu unayemhitaji.

Kikishafika, njoo nacho Mtwara ukiwa na flashi. Ule mdundo wa Mikindani nitakupa. Kama umechukua Yamaha ya daraja hilo utausoma moja kwa moja. Kama ni Korg au Casio faili halitaingia, kwa hiyo panga kulala, tuujenge upya pamoja. Sasa ninajua njia, ni kazi ya jioni moja, na utakuwa umejifunza kutengeneza ule wa Nachingwea.